Waraka wa Fremu za Miwani

Kwa niaba ya Ofisi ya Vibali Mchanganyiko, Mombasa Kisiwani, natoa taarifa kwamba mwaka 1994 tulimaliza kabisa tatizo la wananchi kutojua nani mkubwa na nani mdogo ofisini. Tulilimaliza kwa miwani.

Mimi, Levi Dzoro, Katibu wa Itifaki, ndiye niliyeandika Waraka Nambari Saba kuhusu fremu za watumishi wa kiume. Mkurugenzi: fremu ya dhahabu. Katibu wa Itifaki: ng'amba, lile gamba la kasa, au plastiki ya madoadoa iliyofanana na ng'amba, kwa kuwa kasa analindwa na sheria nami ni mtu wa sheria. Wakuu wa vitengo: chuma cha kawaida. Makarani: plastiki nyeusi, nene, isiyo na madaha. Wanawake hatukuwagusa. Tulijaribu, wakatutazama, tukaacha.

Mkurugenzi wetu, Bwana Kadenge, alitia sahihi siku hiyo hiyo. Yeye mwenyewe hakuwa na miwani. Alisema ana macho ya kipanga.

Kikwazo kikawa Jefwa, karani wa masijala.

"Jefwa," nikamwuliza, "hiyo usoni ni nini?"

"Ni miwani ya kusomea, Bwana Dzoro."

"Naona ni ya dhahabu."

"Ni ya kupaka tu, bwana. Mke wangu Dama kaninunulia kwa Mufaddal, pale Kibokoni. Tumetimiza miaka ishirini ya ndoa."

"Hongera. Vua."

Akaivua, akaifuta kwa pindo la shati, akaiweka mezani polepole. Nikamwandikia risiti: fremu ya dhahabu, moja. Akaniomba nimsomee.

Kwa kuwa sisi si wakatili, nilikwenda mwenyewe Kibokoni kumwagizia fremu halali. Mufaddal alikuwa amekaa nyuma ya meza yake ya kioo, kofia yake nyeupe yenye uzi wa dhahabu kichwani.

"Nyeusi zimekwisha, Bwana Dzoro," akasema. "Makarani wako wamezigombea zote. Zangu za wanaume zimekwisha kabisa. Mzigo mwingine ni baada ya wiki mbili."

"Atangoja."

"Lakini yule haoni herufi! Mrudishie yake kwa sasa. Fremu ikija nitahamisha vioo, kazi ya dakika kumi."

Nikamweleza kwa upole kwamba suala la kuona halimo kwenye waraka.

Siku ya tatu akaja Bi Amtulla wa Mji wa Kale, mama wa makamo, na karatasi mkononi. Sauti yake ilifika mpaka kwa Mkurugenzi.

"Jefwa mwanangu, miaka yote hii hujanikosea. Nimeomba kibali cha kutengeneza paa kabla ya mvua, umenipa cha kufuga punda. Punda nimweke wapi, ghorofani?"

Jefwa aliishika karatasi mbali, kisha karibu, kisha mbali. "Nisamehe, mama," akasema.

Nilimshauri mama kwamba, kwa kuwa kibali kimeshagongwa muhuri, njia nyepesi ni yeye kutafuta punda.

Mlango wa Mkurugenzi ukafunguka. Nikaona hapa pana fursa ya kuupamba waraka. Nikatoa ile fremu ya Jefwa kwenye droo, nikampa Mkurugenzi avae, wananchi wamtambue. Akaivaa. Akachukua kibali cha Bi Amtulla ili amtulize.

Akaisogeza karatasi kwenye mwanga.

"Punda," akasoma. Akageuza karatasi, akairudisha. "Kweli imeandikwa punda. Na hii chini ni sahihi yangu?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Mbaya hivi?"

Akaomba faili zote zenye sahihi yake. Alisoma amesimama, midomo ikicheza, mpaka kwenye adhana ya adhuhuri, na hakuna aliyethubutu kwenda kula.

"Levi," akaniita. "Neno hili ni 'nyumba'?"

"Ni nyumba, Mkuu."

"'Nyumba ya Ganjoni, yenye roshani, apewe Katibu wa Itifaki.' Uliniambia hii ni barua ya rambirambi."

"Ilikuwa na majonzi yake, Mkuu."

"Mimi na watoto watano tunakaa vyumba viwili, Levi."

Bi Amtulla akakaa kitini ili asikie vizuri.

Mchana ule ule Mkurugenzi alimshika Jefwa mkono, wakaenda kwa miguu mpaka kwa Mufaddal. Alipimwa macho; ya kipanga hayakuonekana. Fremu zilizobaki zilikuwa za kina mama, nyekundu, zilizopinda juu kama mkia wa samaki. Akachagua moja, akamvisha Jefwa ile ya dhahabu kwa mikono yake, akatoka barabarani akisoma kila kibao kwa sauti, kuanzia cha kinyozi. Ile nyekundu anaivaa mpaka leo, na hakuna anayecheka mbele yake. Waraka Nambari Saba umefutwa. Bi Amtulla alipata kibali chake, na paa lilikwisha kabla ya mvua.

Nami, katika mabadiliko ya kawaida ya kiutumishi, nimekabidhi funguo za Ganjoni na kupelekwa masijala, ambako uzoefu wangu ulihitajika sana. Juzi alikuja Dama na kikapu cha mahamri kwa ajili ya wote.

"Na huyu ni nani?" akamwuliza mumewe.

"Ni msaidizi wangu, Bwana Dzoro," akasema Jefwa. "Bado anajifunza."

Dama akanitazama kwa huruma, akaniongezea la pili. Nikashukuru. Yalikuwa bado ya moto.