Kishada cha Juu Kabisa

Jumatatu, 6 Machi

Habari kubwa leo sokoni Camargo. Chama cha wenye mizabibu kinatafuta shamba lililo juu kuliko yote bondeni. Mshindi atasimikiwa kibao cha chuma kando ya barabara, na gari la wageni wanaozunguka kuonja mvinyo litasimama kwake kila wiki. Injinia anakuja kupima Jumamosi hii.

Sisi tuko juu. Sana. Wageni kutoka tambarare hushuka garini wakishika vichwa. Tatizo ni moja tu, na linaitwa Saturnino Ortuño. Shamba lake liko ng'ambo ya barabara, mita nne juu ya letu. Mita nne! Nimepima kwa simu. Nimepima tena nikiwa nimesimama juu ya ukuta. Bado.

Saturnino alimsimamia mwanangu ubatizo, kwa hiyo ni kompadre wangu, na huku kwetu kompadre hatukanwi. Inabidi umchukie kwa heshima.

Nimemweleza dada Felipa, mwenye nusu ya shamba. Amesema kibao kikienda ng'ambo, mavuno yakiisha anang'oa mizabibu ya nusu yake, miti na vyote, anapanda vitunguu. Mvinyo wa mwaka juzi bado umejaa ghalani na hakuna anayekuja kuuonja. Nikamkumbusha kwamba mizabibu ile aliipanda babu. Akasema babu alikuwa na wanunuzi, sisi tuna babu tu.

Hatanii. Ameshaulizia bei ya mbegu.

Jumanne, 7 Machi

Wazo! Limenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata.

Mizabibu ya kompadre ni ya kisasa. Imetambaa kwenye nyaya, haifiki kifuani. Yetu ni ya kizamani: kila mzabibu umeupanda mti wake wa moli, kama wazee walivyozoea, na zabibu zinaning'inia katikati ya majani yanayonuka pilipili. Mmoli ulio karibu na mfereji una mita saba. Kileleni kuna kishada cha zabibu. Saba ukitoa nne, utoe na moja ya mizabibu yake, tumeshinda kwa mita mbili!

Nimekwenda ofisini kwa Injinia Mirtha Calizaya, bila miadi, na chupa mkononi. Chupa ameikataa. Hoja ameisikiliza huku akitafuna mahindi. Amesema kanuni inataka upimwe mwinuko wa mzabibu wenye matunda siku ya kupima. Haisemi upimwe mguuni au kichwani. Aliyeiandika hakufikiria kama angekuja mtu wa aina yangu. Nikauliza, basi, kishada cha kileleni je? Akasema akiweza kukiona akiwa amesimama chini, atakielekezea kipimo chake, ataandika namba, kisha ataomba uhamisho.

Nimeichukulia kama ndiyo.

Jumatano, 8 Machi

Hakionekani! Nimezunguka mti asubuhi nzima, shingo imekauka. Majani tu. Nikapanda na msumeno kuyapunguza.

Felipa akatoka jikoni na unga mikononi. "We Casiano, shuka hapo! Huo ni mti, si kichwa cha mtoto anayeanza shule!" Amesema yale majani ndiyo mwavuli wa zabibu, mvua ya mawe ikija yanapigwa yenyewe. Nikamwonyesha mbingu. Safi, hakuna wingu hata la kufutia miwani. Akasema basi, endelea, na ukianguka usianguke upande wa kuku.

Nimeendelea. Mti sasa umebaki kama kuku aliyenyonyolewa, lakini kishada kinaonekana hata kutoka barabarani. Kasuku nao wamekiona. Kufika mchana walikuwa wamekula robo. Nimepanda tena nikakivisha soksi yangu. Ina tundu dogo. Kasuku wamelipata tundu.

Alhamisi, 9 Machi

Kompadre amenitembelea na chupa ya singani, ile pombe kali ya zabibu. Kirafiki, eti. Amesimama chini ya mti akiwa amevua kofia kama yuko msibani. "Kompadre, naona umeunyoa mti wako. Umependeza. Mti, nasema." Nikamjibu kwamba nimefurahi kumwona akiwa mzima, kwa umri wake.

Tumekaa kivulini. Kila mmoja akamwaga tone la kwanza chini kwa ajili ya Mama Ardhi, inavyopasa. Niliapa moyoni kutofungua mdomo kuhusu kishada. Glasi ya kwanza tumezungumzia maji ya mfereji. Ya pili, ndoa ya binti yake. Ya tatu nilikuwa nimesimama juu ya kiti nikimweleza kanuni ya injinia kwa mikono yote miwili.

Ameniambia mimi ni mtu mwenye akili. Kisha akaondoka mbio, glasi yake haijaisha. Si kawaida yake.

Ijumaa, 10 Machi

Mwizi! Mwizi wa heshima, lakini mwizi!

Nimeamka nikamkuta kompadre amesimika nguzo ndefu shambani kwake. Amefungulia mzabibu mmoja kutoka kwenye nyaya, akaunyoosha na kuufunga nguzoni, vishada vyake viko juu kama bendera. Na ule wavu unaofunika shamba lake, wa kuzuia mvua ya mawe, ameushusha wote na kuukunja pembeni ili injinia aone vizuri. Amenipungia mkono. Nami nimempungia.

Sikukata tamaa. Mmoli mmoja mtupu ni kioja, lakini yote kumi na miwili ikiwa mitupu ni shamba! Injinia ataona zabibu za juu popote atakapotazama. Nikautafuta msumeno. Ghalani haupo. Chini ya kitanda haupo. Baadaye nimegundua kwamba Felipa anafuma akiwa ameukalia. Nikamwomba ainuke. Amesema miguu inamuuma, labda atainuka Jumapili.

Tukiwa kwenye mabishano hayo mbingu ikawa nyeusi upande wa magharibi. Bonde zima likaanza kurusha fataki mawinguni ili kuyatawanya. Pa! Pa! Kompadre alirusha zake tano. Mawingu hayakujali.

Nilivuka barabara mbio. Sijui kwa nini, miguu iliamua. Tulishika wavu, yeye upande huu na mimi ule, tukavuta. Ulikuwa umekunjwa, umenasa kwenye ile nguzo yake ndefu, haukufunguka. Mawe ya kwanza yalikuwa kama punje za mahindi. Yaliyofuata yalikuwa kama mayai ya njiwa. Tuliingia chini ya mkokoteni wake tukatazama. Haikuchukua muda hata wa kumaliza sigara. Ilipokoma, nyaya zilikuwa tupu, na ardhi imetapakaa barafu na zabibu zilizopasuka. Kompadre alitoka akaanza kuokota vishada, akivifuta kimoja kimoja kwa shati. Nami nikainama nikaokota naye.

Jumamosi, 11 Machi

Injinia amefika na kipimo chake. Ameanzia ng'ambo. Nguzo ya kompadre bado imesimama, ina kamba juu na ufito wa mzabibu uliochunika. Shamba zima halina punje. Amemwambia kwa upole kwamba kanuni inataka matunda. Kompadre amesema anaelewa, akamwuliza kama angependa chai.

Kisha akaja kwetu. Nilimpeleka moja kwa moja kwenye mti wangu wa mfereji. Kileleni kulikuwa na soksi. Ndani ya soksi kulikuwa na vijiti. Injinia ameuliza hii ni mila ya hapa? Felipa amesema hapana, huyu ni kaka yangu.

Kisha tukaingia kwenye ile mimoli mingine kumi na mmoja, ile niliyonyimwa msumeno. Majani ya juu yamechanika vibaya. Matawi kadhaa yamevunjika. Lakini chini ya majani zabibu zimekaa kama zilivyokuwa, nyeusi, zimelowa, hata vumbi lake halijatoka vizuri. Injinia ameinua tawi, akaonja moja, akaonja ya pili. Amepimia mguuni mwa mti, hakupanda popote, akaandika jina letu. Shamba la juu kuliko yote lenye matunda. Kibao ni chetu!

Amenishika mkono akasema nisijidanganye, miti ndiyo iliyoshinda. Felipa akauliza kama nimesikia. Nimesema nimesikia. Amesema basi nusu yake inabaki na mizabibu, vitunguu atapanda kando ya ukuta tu, vya kupikia. Kisha akaingia ndani, nikamsikia anapenga kamasi. Alidai ni pilipili ya majani.

Jumapili, 12 Machi

Felipa ameamua kwamba zabibu za mimoli miwili ni za kompadre, apate mvinyo wa kunywa nyumbani mwaka huu. Amenituma nikamwambie. Kompadre alikataa mara mbili, kama adabu inavyotaka, ya tatu akaenda kuosha miguu.

Tumekanyaga zabibu pamoja ndani ya birika la babu la kukamulia, suruali zimekunjwa magotini. Mwishowe akasema, "Kompadre, mpango wako ulikuwa mzuri. Lakini unanikanyaga kidole." Nikasogea. Tukacheka hadi Felipa akachungulia dirishani.

Baada ya chakula tumekaa wawili kuchambua mambo kwa utulivu, kama watu wazima. Kosa tumeliona. Nilianza kupunguza majani siku tatu tu kabla ya kupima, tena mti mmoja. Haraka! Ulegevu! Mwakani nitaanza Januari, mimoli yote kumi na miwili, hadi kwenye gome, ili wageni wa kibao wazione zabibu wakiwa bado garini. Kompadre anaunga mkono. Amesema atanishikia ngazi, na kwamba wavu hautamsumbua tena, kwa kuwa anauuza.

Felipa bado hatujamwambia. Tunataka iwe zawadi.