Gavana wa Bomba la Maji

Jumatano, 10 Septemba

Sijawahi kumwambia mtu haya, hata Mama. Nilichagua uchumi kwa sababu nilidhani ni somo la watu wasiosema. Nilimwona mchumi kwenye televisheni: mistari inapanda, inashuka, yeye kimya pembeni. Nikajua, hiyo ndiyo kazi yangu.

Leo Dokta Nafuna ametangaza: Jumanne kila mtu mbele ya darasa! Wawili wawili, mmoja aeleze, mwenzake achore ubaoni. Asiyejitokeza, sifuri. Mwenye sifuri anarudia somo mwakani. Woi!

Nikirudia nimekwisha. Mama ameshatangazia mtaa wetu wa Walukuba mzima kwamba Nangila wake akimaliza masomo huku Mbale, bei ya sukari itashuka. Majirani wanasubiri. Kuna mmoja ameacha kabisa kununua.

Docus, ninayelala naye chumba kimoja, ana sauti ya kuita watu sokoni. Nimemwomba awe mwenzangu, aseme yeye, mimi nichore. Nimemwomba kwa kikaratasi. Alikuwa amekaa kitanda cha pili. Amejibu kwa mdomo, kwa kelele, kwamba atakubali nikimwondolea kupanga foleni ya maji kila asubuhi.

Ijumaa, 12 Septemba

Mada yetu ni mfumuko wa bei. Sijui ni nini. Docus atajua.

Hosteli ina bomba moja, na jerikeni, dumu la kuchotea maji, hapa ni mtu. Unaipanga kwenye foleni, unarudi kulala, hakuna wa kuigusa. Kusogeza jerikeni ya mwenzio ni kama kumvua nguo. Lakini nani amesema mtu mmoja awe na jerikeni ngapi? Hakuna! Nimeokota mbovu zote nyuma ya jiko, nyingine hazina vifuniko, moja imepasuka, nikazipanga mbele kabla watu hawajaamka. Docus akaja, akabadilisha moja na yake, akaoga, akaimba.

Afande Wangila, mlinzi wa hosteli yetu, akauliza hii jerikeni yote ya nani, ya jeshi? Niliogopa kusema, nikaitikia kwa kichwa. Akapiga saluti, akaondoka mbio.

Nafasi zikabaki. Racheal wa chumba cha mwisho akaniomba moja. Sikuweza kusema ndiyo, sikuweza kusema hapana. Nikaandika: "Nafasi moja ya mbele," nikatia sahihi. Akanipa roleksi, chapati iliyokunjwa na mayai, ya moto.

Nimeshtuka hadi sasa. Karatasi imekuwa chakula!

Jumapili, 14 Septemba

Tiketi zangu za foleni zinatembea! Watu hawazileti hata bombani. Wanalipana wenyewe, kusukwa nywele, kuchaji simu. Mwenye roleksi getini anazipokea kwa sababu naye huchota maji hapa. Hapa hosteli sijatamka neno tangu juzi na ninakula kama waziri.

Cliff, anayekaa kiti cha mbele na kujibu maswali kabla hayajaulizwa, ameniita Madam Gavana, kama yule wa benki kuu. Alinidharau. Nimelipokea jina.

Karatasi ziliisha, nikachana maelezo ya Dokta kuhusu mfumuko wa bei. Sikuyasoma. Nyuma palikuwa peupe.

Mama amepiga simu kutoka soko la Masese, akiwa anauza dagaa wake. Ameuliza lile somo la kushusha bei linaendaje. Nikamwambia linaenda. Nikatoka getini: roleksi ya tiketi moja sasa ni tiketi tatu! Haki ya nani! Mwenye roleksi hana haya. Nimerudi kuandika tiketi zaidi. Atakoma.

Jumatatu, 15 Septemba

Msiba.

Leo wote walikuja bombani na tiketi, na kila tiketi inasema mbele. Mbele ikafika getini! Jerikeni ziliruka. Afande Wangila akajificha jikoni. Docus alisukumwa hadi mwisho akiwa ameshajipaka sabuni, akaenda darasani na povu sikioni.

Mwenye roleksi alidai tiketi za kujaza kofia. Baadaye akasema hataki hata hizo, ila karatasi zinamfaa kufungia chapati. Amefungia chapati sahihi yangu!

Nilijifungia chumbani, kiti mlangoni. Docus akanipasha kupitia dirisha kwamba mapatano yamekufa, anasimama na Cliff, na mada anaondoka nayo. "Oga na karatasi zako, Gavana," akamalizia.

Jumanne, 16 Septemba

Docus alisimama na tiketi yangu mkononi, inachuruzika mafuta. Cliff akachora jerikeni. Akaeleza Docus kwamba tiketi zikiongezeka na maji ni yale yale, kila tiketi inanyong'onyea, bei zinapanda, huo ndio mfumuko wa bei. Makofi!

Kumbe ndio huo! Mbona hakuna aliyeniambia?

Dokta akauliza sahihi ni ya nani. Cliff akaninyooshea mkono mzima. Nikasimama. Dokta akauliza, watu wakikataa pesa ya benki kuu, benki kuu inafanya nini? Kisha nikasikia sauti ndogo, kumbe yangu:

"Inajifungia chumbani."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Dokta alivua miwani, akafuta machozi, akasema amesikia majibu mabaya zaidi kutoka kwa watu wenye magari makubwa. Nusu ya alama! Nusu nyingine Jumanne ijayo, nikieleza inapaswa kufanya nini badala yake. Peke yangu. Bila ubao. Kwa mdomo!

Haiwezekani. Nimemtafuta Faizal wa klabu ya midahalo, amwombe Dokta ruhusa ya kusema badala yangu. Atafanya hivyo kwa roleksi za wiki nzima. Roleksi nitapata wapi?

Nimewaza alasiri yote na nimegundua kosa. Lilikuwa rangi! Tiketi nyeupe nani ataziheshimu? Mpya ni za kijani, zina muhuri niliouchonga kwenye kiazi. Moja mpya kwa kumi za zamani. Kitanda chote kimejaa, zinakauka. Hizi haziwezi kushuka thamani.

Viatu kwenye korido. Vingi, vya wenye tiketi za zamani. Afande Wangila anauliza chumba cha yule wa jeshi. Docus anamwonyesha, tena kwa furaha! Ukurasa huu niufiche wapi? Chini ya godoro hapana, watalifunua. Jerikeni iliyopasuka, ukurasa huu unapita kwenye ufa, nikiukunja mara mb