Mwiko wa Mama Redempta

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Redempta kafika Mwazye asubuhi kunihamisha. Mwanangu wa kumzaa, lakini kaingia kama bwana afya. Kasema chumba changu kule kwake mjini, Katandala, ni kidogo. Sanduku moja na godoro, basi. Vingine nigawe. Mimi! Niliyejenga nyumba hii kwa mikono yangu! Niliyemaliza darasa la nne wenzangu wakichunga!
Nimegawa. Majembe, viti, redio mbovu. Sikutikisika.
Kimebaki kitu kimoja. Mwiko wa marehemu mke wangu, mama yake Redempta. Kausongea ugali wa ulezi miaka arobaini kwa mkono wa kushoto, ukalika upande mmoja. Mwingine kama huo hakuna Ufipa nzima. Lakini mwanaume niombe mwiko? Waseme Kalisti analilia mwiko?

Jumanne, 5 Agosti
Akili imefanya kazi. Nimeuchomeka katikati ya gunia la magunzi ya mahindi. Nikamwambia Redempta hilo gunia naondoka nalo, mzee hanyimwi moto. Akacheka. "Baba, uote magunzi chumbani, utuchome wote?" Halafu akatoka nje. Katoka! Nimemshinda.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeshinda kwa mzee mwenzangu Fransisko kumuaga. Yaani kumringia. Nikamwambia nakwenda kwenye umeme na maji ya bomba. Akauliza kama huko mjini kuna mtu wa kunisikiliza nikijisifu. Wivu tu.
Kurudi jioni, gunia halipo! Redempta kasema kampa jirani yetu Epifania, anachemshia pombe ya kuniaga. Miguu ilitaka kukimbia. Redempta akauliza, "Kwani kulikuwa na nini, baba?" Nikasema magunzi. Sasa mtu anakimbilia magunzi? Nikakaa.

Ijumaa, 8 Agosti
Wamekuja wote kuniaga. Pombe tamu kweli. Nikamsifu Epifania mbele za watu. Akasema, "Shukuru magunzi yako, baba Redempta. Na kulikuwa na kipande cha mti humo ndani, kimewaka mpaka nikashangaa. Ule ulikuwa mti gani?"
Nikasema sijui.
Nikaomba kikombe kingine. Nimekinywa polepole, mpaka machicha. Redempta akauliza macho yangu yana nini. Nikamwambia moshi. Moto wenyewe ulizimwa tangu juzi.

Jumapili, 10 Agosti. Katandala
Mchana nimekula ugali wa Redempta. Anasonga kwa mkono wa kulia. Hauna kosa. Sikuumaliza.
Akaniona. Akatoa kanga ya mama yake kabatini, akasema kwa upole, "Baba, ukiitaka ichukue. Si uniambie tu?" Nikamjibu kanga ni za wanawake, aiondoe mbele yangu. Akairudisha kabatini.
Alipokwenda dukani nikaichukua. Nilikaa nayo kidogo. Kisha nikaikunja vizuri, nikaifukia chini kabisa kwenye gunia la mkaa nyuma ya mlango. Hapo hagusi mtu. Humu wanapikia gesi. Safari hii nimefikiri kila kitu!
Redempta karudi. Namsikia jikoni anautikisa mtungi wa gesi. Anasema umekuwa mwepesi.