Kiboko Anakaa Kona Gani?

Jumatatu, 9 Februari

Balaa. Mwalimu wa Darasa la Kwanza anastaafu mwisho wa mwezi, na mmoja wetu atashushwa kuchukua nafasi yake. Mmoja wetu maana yake ni mimi wa Tatu A, au jirani yangu wa Tatu B, ambaye shule nzima inamwita Madam Vizibo kwa sababu haendi popote bila kopo lake la vizibo vya soda. Mwalimu mkuu katangaza kwenye kikao cha asubuhi huku akikoroga chai, kama mtu anayetangaza zamu ya kufagia uwanja.

Halafu kaongeza kuwa Ijumaa afisa wa elimu anakuja kutazama jinsi tunavyofundisha kwa michezo. Madarasa yatakayotazamwa: Tatu A na Tatu B. Mimi si mjinga. Nimeunganisha mambo hapo hapo. Atakayefanya vizuri atabaki, atakayeboronga atashuka.

Darasa la Kwanza! Makamasi. Kamba za viatu. Kumlilia mama asubuhi nzima. Na kuimba. Kule kila kitu huimbwa, hata kwenda chooni, na mimi nikiimba watu huuliza nani kaumia. Tena niseme ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu: nawapenda wale watoto wangu. Wanacheka vichekesho vyangu, hata vya mwaka jana. Nimeandika, yaishe.

Kuna tatizo dogo. Kwenye kikao niliinua mkono nikasema mimi hufundisha kwa michezo kila wiki. Sijawahi hata siku moja.

Jumanne, 10 Februari

Leo nimefanya upelelezi. Dirisha la Tatu B lina kioo kilichopasuka, na ukisimama juu ya tofali unaona vizuri. Madam Vizibo kawakalisha watoto makundi makundi sakafuni, wanauziana vizibo. Mmoja muuzaji, mwingine mnunuzi, wa tatu anakagua chenji. Hesabu za kutoa, wanazifanya huku wanacheka. Watoto, wanacheka, hesabu za kutoa! Nikasikia wivu mpaka kwenye magoti.

Tofali likateleza. Madam Vizibo akatoa kichwa dirishani, akauliza kama nimeumia. Nikamwambia nilikuwa natafuta chaki. Akanipa chaki. Mwanamke yule ana roho nzuri kupita kiasi, lazima kuna jambo.

Jioni nikabuni wa kwangu. Mchezo wa Kona Nne. Somo ni ngeli, ambazo watoto huzichukia kama dawa. Kona ya mlangoni ni A-WA. Kona ya dirishani ni KI-VI. Kabatini ni U-I. Kwenye ndoo ya maji ni LI-YA. Mimi nataja neno, watoto wanakimbilia kona yake. Nikisema mtoto, mlangoni. Kitabu, dirishani. Mti, kabatini. Jicho, kwenye ndoo. Anayekosea anakaa chini. Nimejipongeza kwa kikombe cha pili cha chai.

Jumatano, 11 Februari

Mchezo umegoma. Nilitaja mti, wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Ndoo ikamwagika. Ngeli hawazijui kabisa, na sioni kwa nini, maana nimewaandikia ubaoni tangu Januari.

Nikatumia akili. Kwa nini wajue ngeli, wakati wanaweza kujua njia? Nikawakaririsha: mlangoni, kabatini, dirishani, kwenye ndoo, mlangoni tena. Mimi nitataja maneno kwa mpangilio huo huo, wao wakimbie kwa mpangilio huo huo. Mpaka kengele ya mwisho walikuwa wanakwenda kama gwaride. Binti mmoja tunayemwita Wakili, kwa kuwa hajawahi kukubali kitu bila hoja, aliuliza itakuwaje nikibadilisha mpangilio. Nikamwambia asilete mikosi.

Nikatoka nikipiga mluzi, nikapita kwa karani wa shule. Karani hujua mambo kabla hayajatokea. Kaniambia kwa kunong'ona kuwa nimeelewa kinyume. Atakayeng'ara Ijumaa ndiye atakayepelekwa Darasa la Kwanza, kwa sababu watoto wadogo ndio wanaohitaji michezo. Aliyezubaa ataachwa pale pale alipo.

Mluzi umekufa mdomoni.

Alhamisi, 12 Februari

Mpango mpya: kushindwa. Si kushindwa kwa aibu kubwa, maana nina heshima yangu, ila kushindwa kwa kiasi, kama chakula kilichokosa chumvi.

Nikamweleza mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na alikuwa na pini mdomoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa pini, akauliza kwa nini nisiende kwa mwalimu mkuu nikamwambia nataka kubaki Tatu A. Nikacheka sana. Nikamwambia mama watoto, mambo ya ofisini hayaendi hivyo. Akarudisha pini mdomoni.

Kushindwa kwenyewe ni rahisi. Kesho nitavuruga mpangilio. Wao watakimbia kwa njia waliyokariri, mimi nitakuwa nataja mengine, na wote wataishia kona siyo. Ila nilitaka na neno moja la kuwamaliza kabisa. Hapo mke wangu akawa anamsifia fundi mwenzake anayeshona vifungo, akasema yule bwana ni kiboko. Nikaruka. Kiboko! Kwa umbo anafaa KI-VI. Lakini ni mnyama, anatembea, anapumua. Nimejiuliza mpaka chakula kikapoa, hata mimi mwenyewe sijui. Basi hilo ndilo neno.

Ijumaa, 13 Februari

Naandika kabla hata ya kuvua viatu.

Afisa wa elimu kaja, mama mmoja mpole mwenye miwani, kakaa nyuma na mwalimu mkuu. Nikaanza. Nikataja jicho. Darasa zima likakimbilia mlangoni kwa kujiamini. Kosa! Sikumkalisha mtu chini, maana wangekwisha wote. Nikataja mwalimu. Wote kabatini. Kosa tena, na maneno matatu yaliyofuata yakaenda hivyo hivyo. Nikamwona mwalimu mkuu anajikuna shingo. Moyo wangu ulikuwa mweupe, nilikaribia kutabasamu.

Nikaona nimalizie. Nikataja kiboko.

Hawakukimbia. Walisimama katikati ya darasa, wakatazamana. Njia ilikuwa imewaishia. Halafu Wakili akaenda mlangoni, peke yake, akasema kiboko anaoga mtoni kwa hiyo ni A-WA. Nusu ya darasa ikamfuata. Nusu nyingine ikaenda dirishani. Wale wa dirishani wakasema kiboko hakiogi, kiboko kinachapa, na hata kimevunjika ncha. Afisa akauliza kwa upole wamekiona wapi hicho kilichovunjika ncha. Kona nzima ya dirishani ikanyoosha vidole kuelekea ofisi ya mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu akakohoa. Akasema ni cha zamani, kinasubiri kutupwa.

Nikajaribu kuwanyamazisha. Wapi! Mlangoni wanasema kiboko amezama, dirishani wanajibu kiboko kimekatika, na kila upande unaona upande wa pili haujui lugha. Mtoto mmoja asiyefunguaga mdomo, yule wa dawati la mwisho, akasema kwamba pande zote ziko sawa, inategemea kiboko kipi, na baba yake akipika chapati ni kiboko pia, sasa huyo naye akae wapi. Wakamweka mlangoni kwa sababu ni mtu.

Kisha wakaanza kutafuta wenyewe. Sikuwaomba. Mmoja akataja ndege. Anayetaga mayai akaenda mlangoni. Anayepaa na abiria hakupata kona, maana wamesema ndege hii, ndege hizi, na chumba chetu kina kona nne tu. Wakadai kona ya tano. Nilipokataa wakaifungua wenyewe nje kwenye korido, na sasa nusu ya Tatu B walikuwa wametoa vichwa madirishani kuwashangilia. Afisa alivua miwani akapangusa machozi ya kicheko. Alisema kwamba kwa miaka yake yote hajaona watoto wakigombania ngeli.

Nilisimama na chaki yangu nikitazama. Walikuwa wazuri. Wote, hata wale wenye kelele. Nilijivunia, halafu nikakumbuka maneno ya karani. Nimeng'ara. Nimekwisha.

Jumapili, 15 Februari

Sijala vizuri tangu juzi. Nimejaribu kuimba bafuni, wimbo wa kuosha mikono. Mtoto wangu mdogo kabisha hodi kuuliza kama nimeteleza.

Lakini nina mpango. Mgongo. Mwalimu wa Darasa la Kwanza lazima ainame kutwa nzima, viatu, pua, penseli zilizoanguka. Mtu mwenye mgongo mbovu hawezi kupewa kazi hiyo, itakuwa ukatili. Nimemwomba mke wangu anishonee mkanda wa mgongo kwa mabaki ya kitambaa cha sare. Kaniuliza tena kama nimezungumza na mwalimu mkuu. Nikamwambia mgongo utazungumza. Kashona, kaubana kwa pini, kasema hana zipu.

Jumatatu, 16 Februari

Nimeingia ofisi ya walimu nimekunja uso, mkono kiunoni, hatua moja moja. Madam Vizibo kaninyanyulia kiti, kaniletea na chai. Nikamwonea huruma kidogo, maskini, hajui vita alivyomo.

Mwalimu mkuu akasimama. Akasema afisa kafurahi mno na madarasa yote mawili. Akasema anampongeza Madam Vizibo, ambaye ndiye atakayekwenda Darasa la Kwanza, kama alivyoomba mwenyewe tangu Jumatatu iliyopita, saa ile ile ya kikao, kwa sababu anawapenda wadogo na alikuwa akiisubiri nafasi hiyo siku nyingi. Jambo lilikwisha kabla chai haijapoa. Ijumaa haikuwa na uhusiano wowote.

Niliruka. Sikukusudia, miguu iliruka yenyewe, mikono juu, nikapiga kelele ambayo siwezi kuiandika. Pini ikanichoma ubavuni nikaruka mara ya pili, juu zaidi. Walimu wote wakatazama mgongo wangu. Nikasema naona umepona ghafla. Madam Vizibo akasema Mungu ni mwema, na kwa sauti yake nikajua kasema kwa dhati. Nikamshika mkono nikamtikisa mpaka vizibo vikamwagika, tukavikusanya pamoja, mimi nimeinama vizuri kabisa.

Mwalimu mkuu kaniita pembeni. Kauliza ule mgongo ulikuwa wa nini. Nikazungukazunguka, mwisho nikakiri kidogo kuwa nilitamani kubaki Tatu A. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa shati nje ndani. Akasema ungeniambia tu, Mwalimu. Kumbe hata hakuwahi kunifikiria. Kasema mimi na kuimba, wazazi wangelalamika.

Jamani, raha iliyoje. Nimerudi darasani, wakasimama, wakaniamkia, nikawapa kile kichekesho cha mbuzi na mwavuli. Wakacheka. Nikajifanya naandika ubaoni ili wasione macho yangu. Mke wangu nilipomsimulia alinipokonya mkanda tu, akaufanya kitambaa cha kushikia sufuria. Nikamweleza kwamba bila mipango yangu yote ile tusingefika hapa. Akasema ndiyo, baba watoto, kweli.

Jumanne, 17 Februari

Siku njema, ila kuna jipya. Madam Vizibo keshahamia Darasa la Kwanza, apokee kazi kabla anayestaafu hajaondoka. Mpaka mwalimu mpya wa Tatu B apatikane, nusu ya watoto wake wamehamia kwangu. Hatuna madawati ya kutosha, wengine wanaandika wamekaa chini. Sijali, hata wangekuwa mia, ni Darasa la Tatu. Lakini stoo ya shule ina madawati mazima yamepangwa mpaka dari.

Nimekaa nikafikiri. Mpango umekamilika. Mwalimu mkuu akipita kwenye korido yetu, watoto walio sakafuni wagune kidogo, kwa huzuni, halafu wakohoe kwa zamu kwa sababu ya vumbi. Siku mbili tatu za hivyo, roho itamsuta, madawati yatakuja yenyewe. Asubuhi nzima tumefanya mazoezi. Kuguna wanaweza. Wakili kauliza kwa nini tusiende kuomba, nikampa kazi ya kuwapa wenzake ishara.

Saa ya mapumziko mwalimu mkuu katokea mlangoni bila taarifa, ufunguo wa stoo unaning'inia kidoleni. Kachungulia, kaona waliokaa chini, kaniuliza kama nina upungufu wa chochote humu ndani.

Nikamwambia hapana, Mwalimu Mkuu, ahsante sana, tuko vizuri kabisa. Ningefanyaje? Watoto walikuwa bado hawajaiva kwenye kukohoa.