Kilo Mbili Mpaka Alhamisi

Jumatatu, 5 Februari 1996

Nimetoka kwa mashine saa nane. Mwepesi kama karatasi! Kilo hamsini na nne, uzito wangu wa kavu, yaani bila maji ya ziada. Figo zangu zilistaafu mapema. Kila ninachokunywa kinakaa ndani mpaka mashine ya kusafisha damu ikitoe, mara mbili kwa wiki.

Sister Norah wa wodi ametoa onyo. Nikirudi Alhamisi nimeongeza zaidi ya kilo mbili, mashine haitamaliza yote siku moja. Atanirudisha Jumamosi. Nikamkumbusha Jumamosi dada yangu Everline anaolewa, na mimi ndiye wa ngoma, isukuti. Akasema basi niiambie ngoma isinywe maji.

Kitanda cha jirani, Dishon akacheka mpaka mipira yake ya damu ikacheza. Huyu ni karani wa kanjo, baraza la jiji, anapima maji kwa kifuniko cha chupa, hapiti kilo moja na robo. Tena tunaimba naye kwaya moja! Akaniambia nisijali, Kweyu, nikikosa harusi mikono yake iko. Mikono gani? Anapiga isukuti kama anagonga muhuri.

Kilo mbili. Rahisi sana!

Jumanne, 6 Februari

Mpango! Watu wa mtaa wa Majengo wako kwa mwezi wa Ramadhani, mchana hawagusi maji. Wehliye, tunauza soksi naye Gikomba, amefunga. Nikamwambia leo tunafunga pamoja. Akauliza kama daktari anajua. Nikamwambia hii ni sayansi.

Jua lilikuwa kali, manze. Ulimi ukawa kama soksi ya mtumba. Sikunywa hata tone. Shujaa!

Halafu jua likazama. Futari sikuwa nimeifikiria. Uji vikombe viwili. Tikiti maji. Chai, kisha chai ya kusindikiza chai. Wehliye alikunywa kikombe kimoja akaenda kusali. Mimi sikuwa na mahali pa kwenda.

Jumatano, 7 Februari

Viatu vinabana. Wasiwasi. Nahitaji mizani!

Anko Opicho, binamu ya mathe, mama yangu, ananunua vyuma vikuukuu hapa Shauri Moyo. Ana mizani kubwa ya kusimama juu. Nikapanda kati ya rimu za baiskeli na masufuria yaliyotoboka. Hamsini na mbili! Nikashuka, nikapanda tena. Hamsini na mbili! Niko chini ya kavu! Anko akaangalia kando, akasema chuma hakidanganyi. Jamaa aliyeleta radieta kuuza akacheka mpaka akakaa chini. Watu wa furaha sana hawa.

Nikapiga hesabu (nimejifundisha mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada). Lita moja ya maji ni kilo moja. Kutoka hamsini na mbili mpaka hamsini na sita ni lita nne. Nne!

Nyumbani mathe anapikia wageni wa harusi. Supu. Chai ya maziwa. Soda mbili. Mathe akauliza kama Sister Norah ameruhusu. Nikamwambia mizani imeruhusu.

Alhamisi, 8 Februari

Asubuhi nimepitia kwa Anko. Hamsini na tano. Kilo moja tu! Nimepanda ngazi za hospitali nikihema kama treni ya mizigo, lakini mshindi. Nikamwambia Dishon aanze kunipigia makofi kabisa.

Mizani ya wodi: hamsini na tisa.

Nikavua viatu. Nikavua shati. Nikatoa soksi za biashara mfukoni. Sister Norah akasema hata nikivua ngozi. Kilo tano! Akauliza nilijipima wapi. Nikamwambia.

Dishon nusura aanguke kitandani. Akauliza, ndugu yangu, ni nani Eastlands hii hajui mizani ya mnunua vyuma inakula? Ukweli najua. Mimi mwenyewe nilimpelekea Anko betri za gari, kilo ishirini zikawa kumi na nane na kitu. Lakini sikujua atanila hata mimi, damu yake!

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kwa mashine. Dishon ameshachukua ngoma.

Jumamosi, 10 Februari

Nimelala na mipira miwili mkononi nikiomba Mungu acheleweshe harusi. Na Mungu anatujua sisi watu wa magharibi, harusi zetu hazianzi kwa saa! Saa nne na nusu Sister Norah akanifunga plasta. Kavu kabisa. Akaonya mkono wa sindano usiguse ngoma.

Nafika nyumbani, Everline bado ana rola kichwani! Shangazi Nabalayo amefunga mlango. Anawaambia watu wa bwana harusi kwamba bibi harusi amelala, na blanketi yake ya shangazi, ambayo kwa desturi wao ndio huleta, haijafika, basi ataamkaje? Dishon amepiga ngoma tangu saa mbili. Shati limelowa. Maji yake ya siku, yale ya kifuniko, yaliisha saa tatu. Akanipa ngoma mwenyewe, akasema chukua, ndugu yangu, nimekwisha.

Nikapiga kwa mkono mmoja, wa kulia. Blanketi ikafika, mlango ukafunguka. Everline akaniona, akalia mpaka rangi ya macho ikafika kidevuni. Akasema angekataa kutoka kama ngoma ni ya Dishon. Hata Sister Norah alikuja jioni, akacheza na Anko Opicho! Akamwambia ana mabega ya mwizi.

Siku tamu kuliko zote!

Jumapili, 11 Februari

Kreti mbili za soda zimebaki. Ziko chini ya kitanda changu. Sijui nani aliziweka.

Nimekaa nikafikiri kama msomi. Anko mizani yake inapunguza kwa sababu ananunua. Basi Awiti wa viazi, yeye anauza, yake lazima inaongeza! Nikaenda. Kwa Awiti, hamsini na saba. Akaapa mizani yake ni ya haki, ina muhuri wa serikali. Wote husema hivyo. Kwa Anko, hamsini na tatu. Kwa hivyo ukweli uko katikati: hamsini na tano! Kilo moja tu, na moja nimebakisha.

Nimefungua soda. Kesho namfundisha Sister Norah hii hesabu. Dishon pia aje na kalamu.

Nimefungua ya pili.