Rangi Mbili za Waride

Jumatatu, 2 Mei 1994
Alhamdulillahi! Mke wangu Waride hajakohoa tangu alfajiri. Kichomi kwisha! Na vidonge vyake vya rangi mbili hajavimeza hata nusu. Vilivyobaki nimeviweka kwenye kikopo cha hina. Akiba haiozi. Sufiani wa duka la dawa alisisitiza avimeze vyote. Anataka nirudi kununua, yule! Tena aliwahi kumposa Waride kabla yangu. Sisahau.

Jumatano, 4 Mei
Jirani Mshamu kajikata kidole kwa jembe. Nikamgawia vidonge. Kimoja kampa kuku wake anayesinzia. Kaniita daktari, kwa sauti, mbele ya duka la Sufiani! Waride kacheka hadi akakohoa. Kikohozi cha kicheko, bila shaka.

Ijumaa, 6 Mei
Si cha kicheko. Homa, ubavu unamchoma, pumzi fupi. Nimempa vyote vya kwenye kikopo. Havikufua dafu. Mama mkwe, Bi Mwanaharusi, katokea kwao Mbuchi. Kasema mkwe nimeshindwa, mwanawe akipata nafuu anaondoka naye. Nikalia jikoni. Nikasingizia moshi.

Jumamosi, 7 Mei
Hospitali. Daktari kasema dawa niliyoikatisha iliua vijidudu dhaifu, vile sugu vikabaki vinazaana. Tena vijidudu vya kooni huokota vipande vya chembe za urithi za wenzao waliokufa, vikajigeuza umbo, dawa ikakosa pa kushika. Nikauliza mirathi hiyo inagawanywa na kadhi gani. Daktari hakucheka. Kabadilisha dawa, sasa ni sindano. Ya Rabi, nibakishie Waride wangu. Nyumba haikaliki bila yeye.

Jumapili, 15 Mei
Karudi! Karudi kwangu, si Mbuchi! Kaingia tu, kanigombeza kwa masufuria machafu. Nikasimama nasikiliza, nimefurahi mno. Bi Mwanaharusi kapanda gari peke yake, ananitazama kwa jicho baya. Sasa nakohoa mimi. Daktari kanipa vidonge, kanionya: nisiweke akiba, nisimgawie jirani. Nikaapa. Mshamu kaja kuomba, nikamnyima!

Ijumaa, 20 Mei
Vidonge vimekwisha vyote. Kikopo kitupu, Mshamu kanuna. Nimetimiza kiapo neno kwa neno. Bado nakohoa kidogo, vumbi tu. Nikimeza kimoja, cha pili nilikuwa nakisaga kwenye uji wa Waride, kimyakimya, asije akaugua tena. Nitamezaje dawa peke yangu na kipenzi changu kakaa hapo?
Na mke si jirani.