Kiti cha Mahameli

Jumatatu, 3 Machi

Baiskeli ya mbio imefika! Nyeusi, nyembamba, inang'aa. Nimekuwa mtu mwenye furaha kwa saa nzima. Kisha shemeji, mdogo wake mke wangu, akaingia uani na yake. Aina ileile, rangi ileile! Ila yake ameshaibadilisha: kiti chenye tundu katikati, na matairi membamba yenye kingo za kahawia. Mke wangu akatoka jikoni, akaisifu ya mdogo wake kwanza. Yangu akaisifu baadaye, tena kwa mkato. Mimi si mtu wa wivu. Lakini roho iliniuma mpaka chai ikanishinda.

Kibaya zaidi, timu ya kikundi chetu cha baiskeli imebakiwa na nafasi moja. Kocha, mwalimu mstaafu asiyevua filimbi shingoni, amesema Jumapili tushindane wawili tu, mimi na shemeji. Atakayetangulia ndiye mwenye jezi. Naitaka jezi ile! Miaka sita nimeendesha nyuma ya wenzangu nikitazama migongo yao.

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza fundi baiskeli kama nibadili kiti na matairi. Akasema ya nini? Niizoee kwanza mwezi mzima, nirekebishe urefu wa kiti, nijaze upepo, basi. Halafu akaulizia hali ya shemeji. Anamuulizia wa nini? Hawa wawili wana lao jambo.

Jumatano, 5 Machi

Kwani mimi nani? Fundi makochi! Miaka ishirini na mbili nawakalisha watu raha. Makalio nayajua kuliko daktari. Leo kochi la mteja limesubiri. Nimekichuna kiti ngozi, nikakiwekea sponji tabaka tatu, nikakivalisha mahameli nyekundu iliyokolea, na vifungo sita juu. Shemeji ana tundu, mimi nina vifungo! Mke wangu akauliza kama na meza ya kahawa inakuja. Damu nzito, anamtetea mdogo wake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia fundi anipe matairi membamba kuliko ya shemeji. Akasema kwa uzito wangu na mawe ya ile njia ya mashindano, pancha haitakawia. Nikamwambia afunge tu, ushauri sikuagiza. Yale yaliyokuja na baiskeli nimempa jirani. Anakandamizia bati la banda la kuku.

Ijumaa, 7 Machi

Majaribio. Miguu haifiki kwenye pedali! Jumatatu ilifika vizuri kabisa. Nimewaza sana. Huenda umri huu mtu huanza kufupika. Nimejipima kwa utepe wa kazini, urefu ni uleule. Basi pedali ndizo zilizoshuka.

Shemeji akapita, akatazama. Akasema, kwa upole wake ule unaonikera, kwamba sponji imeninyanyua vidole vinne, nishushe kiti. Ahaa! Anataka nikae chini yake. Sishushi ng'o!

Jumamosi, 8 Machi

Nimeiosha baiskeli kwa mpira wa maji, kuanzia usukani mpaka mnyororo. Kesho ing'ae. Nimepiga pasi kaptula nyeupe. Mke wangu akashauri nivae nyeusi. Hajui mambo ya picha huyu.

Jumapili, 9 Machi

Sponji ilikuwa imekunywa maji yote ya jana! Kukaa tu, chwaa. Nikaanza kwa ncha za vidole vya miguu, shemeji yuko mbele kabisa. Kwenye kona akageuka kuniangalia, akapiga ukelele. Mahameli imechuja rangi. Kaptula nyeupe, nyuma yote nyekundu! Akashuka, akaniomba kwa jina la Mungu nisimame, eti navuja damu.

Kasimama! Nikampita. Nikakanyaga kama mwehu, mstari huo hapo, jezi naiona. Paa! Tairi la mbele. Mimi huyo majanini, hatua kumi tu kabla ya mstari. Shemeji akanifikia. Angeweza kupita, nani angemlaumu? Hakupita. Akapiga magoti akanitafuta kidonda kwenye makalio mbele ya umati mzima. Nikamwambia ni rangi. Akawaambia watu naweweseka.

Kocha akampa jezi. Eti timu inataka mtu anayesimama kumsaidia mwenzake. Nikapiga makofi. Meno nilitoa kwa lazima. Aibu, na jezi sina.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji kaja kunijulia hali. Kaleta kile kiti chenye tundu na yale matairi ya kingo za kahawia. Zawadi! Kavifunga mwenyewe, kapima na urefu. Nimezunguka uani mara tatu. Raha tupu! Nilikaribia kumpenda.

Kisha akaaga, nikamchungulia dirishani akipanda yake. Lo! Amerudishia kiti na matairi ya kiwandani. Nikamuuliza mke wangu kulikoni. Akasema mdogo wake ameona vile vya mwanzo ndivyo vinavyomfaa. Kumbe! Vizuri kajibakizia, mimi kaniletea makapi.

Kesho kochi la mteja litasubiri tena. Naingia madukani kutafuta kiti na matairi ya kiwandani kama yake, ila yangu yawe mapya zaidi.